Jemadari Aliyelala Mfukoni

Chai ya maziwa ilikuwa imekaukia baharini, katikati ya Karthago na miji ya Warumi, ikaacha doa la kahawia lenye umbo la sikio.

Inspekta aliinama juu ya meza, mikono ameifunga mgongoni. Ndivyo alivyofundishwa chuoni: macho kwanza, vidole baadaye. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Kesho yake saa tatu mtuhumiwa alitakiwa mbele ya hakimu, na hati ya mashtaka ya mauaji ilikuwa imeshachapwa. Ilisubiri sahihi yake tu.

"Afande, hivi kweli watu wazima na mvi zao wanakaa kutwa wanasukuma vikaratasi hivi?" Sajini aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na sanduku la vifaa.

"Miaka thelathini na miwili. Kila Jumamosi."

"Mke wangu angenifungia nje."

"Mke wako angekushukuru. Lete kibano."

Meza ilijazwa na ramani moja kubwa iliyogawanywa vyumba vya pembe sita, kama masega ya nyuki. Juu yake zilipangwa kete za kadibodi, kila moja si kubwa kuliko kisanduku cha tarehe kwenye kalenda: nyekundu za Warumi, bluu za Karthago. Kila kete ilikuwa kikosi chenye namba zake za nguvu na mwendo. Pembeni palikuwa na dadu mbili, kijitabu cha kanuni kilichochakaa, na daftari lenye jalada gumu.

Mwenye chumba alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu, na mtaa mzima haukumwita jina lingine zaidi ya Mwalimu. Jumamosi saa kumi na mbili na robo binti yake alimkuta chali sakafuni, kisogo kimepasukia kwenye pembe ya kabati la chuma. Daktari alikuta michubuko miwili kifuani, kila mmoja wa upana wa kiganja. Mtu alimsukuma kwa mikono yote miwili. Alikufa kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili.

Mtu wa mwisho kuonekana akiingia pale alikuwa mpinzani wake wa kila wiki, fundi saa ambaye majirani walimbandika jina la Kanali kwa sababu ya vita hivyo vya mezani. Kanali alidai aliondoka saa kumi na robo. Hakuna aliyemwona akitoka. Mshonaji wa chumba cha jirani alimsikia Mwalimu akipaza sauti kama saa kumi na moja: "Jumatatu nitasema!" Kisha kitu kizito kikaanguka. Sauti ya mtu wa pili hakuisikia, kwa kuwa alikuwa akikanyaga cherehani.

Inspekta alikibana kikosi kimoja chekundu kilichokuwa kwenye doa. Hakikunyanyuka. Alivuta taratibu, kikabanduka kwa mlio mdogo mkavu.

"Tazama juu yake."

Sajini akasogea. "Safi."

"Na chini yake?"

"Kina chai. Kimegandia."

"Na pale kilipokuwa kimekaa?"

"Doa limepita moja kwa moja, halina pengo." Sajini alikuna kidevu. "Kwa hiyo chai ilimwagika kwanza."

"Chai ikamwagika, kete zikaruka, kisha mtu akazirudisha kabla chai haijakauka. Tazama na hii." Alipiga goti, akamulika tochi chini ya kabati. Kulikuwa na kipande cha mpini wa kikombe na vumbi lililochorwa mistari ya vidole vilivyopapasa humo na kutoka. "Aliziokota hadi huku. Mwalimu amelala hapo, damu inatoka, naye anaokota kete."

"Mungu wangu." Sajini aliweka sanduku chini. "Lakini afande, unamkaanga yule mzee. Mimi hapa hata ukinipa mwaka mzima, siwezi kurudisha vidude hivi mahali pake. Aliyevirudisha ni mchezaji. Na mchezaji tunaye mahabusu."

Inspekta aliona hoja hiyo ina uzito. Alifungua daftari. Mwalimu aliandika kwa mwandiko wa ubaoni, wima na mkubwa: kila zamu ilipoisha alinakili kila kikosi kilisimama chumba namba ngapi, ili vita viweze kuendelea wiki inayofuata hata meza ikigongwa. Vita hivi vilianza Januari. Ukurasa wa mwisho uliojaa ulikuwa wa zamu ya tisa.

Walizihakiki pamoja, Sajini akisoma, Inspekta akigusa kwa ncha ya kalamu. Kete arobaini na moja. Zote arobaini na moja zilikuwa mahali pake.

"Jemadari wa Warumi, chumba mia mbili na kumi, kando ya mto."

"Yupo."

Lakini jemadari huyo hakufanana na wenzake. Zile nyingine zilichapwa kiwandani. Huyu alikatwa kwa mkasi kutoka kadibodi nene ya boksi la viatu, akapakwa rangi nyekundu kwa krayoni. Naye alikuwa amegandia kwenye chai. Inspekta alimgeuza. Nyuma palichorwa uso wa paka kwa penseli, sharubu tatu upande mmoja, mbili upande wa pili.

Alimrudisha palepale alipokuwa. Kisha, kwa mazoea tu, akafunua ukurasa uliofuata wa daftari. Juu kabisa palikuwa na mstari mmoja peke yake:

*Tumesimama saa kumi na robo. Jemadari ameondoka na Kanali.*

"Maneno ya vita vyao hayo," alisema Sajini.

"Labda," alisema Inspekta, akaupiga picha ukurasa huo, kurasa zilizotangulia na meza yote, kisha akamtia jemadari wa krayoni kwenye bahasha.

*

Kituoni, kwenye ubao wa matangazo, mtu alikuwa amepachika karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Ya zamani iliomba taarifa za gari dogo la kijivu lililomgonga msichana wa shule akiwa kwenye baiskeli na kukimbia, huku taa yake ya mbele ya kushoto ikibaki vipande barabarani. Mpya ilikuwa ileile, ila neno "kumjeruhi" lilibadilishwa.

"Alifariki Ijumaa," alisema askari wa kaunta. "Mkuu anataka tulirudie faili lake ukimaliza la huyu mzee."

"Nikimaliza."

Kanali aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mtu mdogo, mkavu, na vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vikipapasa ukingo wa meza kana kwamba vinatafuta skrubu iliyodondoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza yale yale?"

"Yale yale. Ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na robo. Nina saa tatu mwilini, siwezi kukosea."

"Mligombana?"

"Tuligombana tangu Januari. Alikuwa ananizingira kusini." Alitabasamu, kisha tabasamu likamfia. "Hapana. Hatukugombana. Alikuwa na mawazo, hakucheza vizuri. Nilimwambia tusimamie hapo."

"Mawazo gani?"

"Hakusema."

"Nani mwingine anajua kuucheza mchezo huu?"

Vidole vilisimama. "Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Wapo wengi wa kupoteza Jumamosi zao kwa Warumi, unadhani? Ni mimi na yeye tu."

Inspekta alitoa picha ya meza, akaiweka mbele yake. Mzee alivaa miwani, akaisogeza karibu. Alianzia kaskazini, akashuka, midomo ikichezacheza kama anahesabu. Alipofika mtoni akaacha. Kidole gumba kilitua pale, kikafunika kitu, kikakaa.

Nje mtu alikuwa akifagia koridoni. Ufagio ulipita mlangoni, ukarudi.

"Andika," alisema Kanali.

"Niandike nini?"

"Andika ni mimi. Nilimuua."

Sajini, aliyekuwa ameegemea ukuta, alisimama wima. Inspekta hakushika kalamu.

"Umekana tangu Jumamosi usiku, mzee."

"Nilikuwa naogopa. Sasa siogopi. Andika."

"Ulimpiga na nini?"

"Ngumi."

"Wapi?"

"Usoni. Akaangukia meza."

"Kisha ukazipanga kete."

"Nikazipanga."

"Na ile chai?"

"Chai ipi?"

Inspekta alimtazama. Kanali akavua miwani na kuifuta kwenye shati, ingawa haikuwa na uchafu.

Koridoni Sajini alishindwa kujizuia. "Afande, amekiri! Saini tukale."

"Uso wa Mwalimu hauna hata mkwaruzo. Hakuangukia meza. Na huyu hajui kama chai ilimwagika."

"Sasa kwa nini akiri?"

"Kwa sababu ya picha. Alikuwa hajaiona meza tangu alipotoka. Ameiona leo, na kuna kitu amekitambua." Alitembea hadi kaunta. "Nipe orodha ya vitu vyake."

Askari wa kaunta alifungua kitabu cha mali za mahabusu, akasoma kwa kidole. "Leso moja. Funguo tatu. Saa za mkono mbili, ya mfukoni moja. Lenzi ya jicho ya fundi saa. Mkanda. Kikaratasi kigumu chekundu, kimoja."

"Kikaratasi gani?"

"Nilitaka kukitupa, afande, nikajua ni takataka. Lakini utaratibu ni utaratibu." Aliimwaga bahasha juu ya kaunta.

Kilikuwa kete. Kete ya kiwandani, kingo zimelainika kwa kushikwashikwa, na juu yake kimechapwa kichwa cha askari mwenye kofia ya chuma. Jemadari wa Warumi.

Inspekta aliirudia picha ya daftari. *Jemadari ameondoka na Kanali.* Akafunua picha za kurasa za nyuma alizozipiga. Kila Jumamosi mstari huo ulikuwepo mwishoni, mara jemadari ameondoka na Kanali, mara wa Karthago amebaki na Mwalimu.

"Mrudishe mzee chumba cha mahojiano."

Safari hii Inspekta hakuanza na swali. Aliiweka kete mezani, akasubiri. Kanali aliikodolea macho.

"Kwa nini unaenda naye nyumbani?" Inspekta aliuliza.

"Si kosa, hilo."

"Sikusema ni kosa. Nataka kujua tu."

Mzee alishusha pumzi. "Mwalimu alikuwa mwizi wa vita. Mwaka mmoja nilirudi Jumamosi nikakuta jeshi langu limerudi nyuma vyumba viwili. Ananiambia eti paka! Nikamwambia, kuanzia leo, mwenye zamu inayofuata analala na jemadari wake mfukoni. Bila jemadari jeshi halisogei." Alicheka kidogo. "Ni miaka kumi na moja sasa. Wiki nzima natembea naye. Kuna siku nusura nimpe mteja badala ya chenji."

"Kwa hiyo ulipotoka Jumamosi, kando ya mto palikuwa patupu."

Kicheko kilikatika.

"Na wewe, ungezipanga wewe kete zile, ungeacha pale patupu, maana jemadari ulikuwa naye. Aliyezipanga hakujua desturi yenu. Alisoma daftari, akaona jemadari anatakiwa awepo, hakumpata sakafuni, akaenda kumtoa wa akiba alikojua anakaa." Alitoa bahasha ya pili. "Huyu. Amechorwa na nani?"

"Mimi nimeshakiri."

"Umekiri, mzee wangu, nimesikia. Sasa nakuuliza habari ya paka."

Kanali aligeuza kiti kwa shida, akauelekea ukuta. Mabega yake yalikuwa membamba kuliko Inspekta alivyodhani.

"Ukisaini," alisema mzee kwa ukuta, "mimi nina miaka sabini na nne. Watanifunga mingapi?"

*

Taarifa ya binti ilikuwa ukurasa wa tatu wa faili. Mkutubi, miaka thelathini na saba, ameolewa, anaishi upande wa pili wa mji tangu miaka kumi na miwili iliyopita. *Sijui lolote kuhusu mchezo huo. Sijawahi hata kuugusa.* Hakuna aliyemuuliza habari ya mchezo. Inspekta alikuwa ameupita mstari huo mara nne.

Maktaba ilikuwa inafunga saa kumi. Walifika saa tisa na nusu. Uani paliegeshwa magari matatu, la mwisho likiwa dogo, la kijivu. Inspekta alilizunguka polepole. Taa ya mbele ya kulia ilikuwa imefifia na kuwa ya njano kwa uzee. Ya kushoto ilimetameta kama glasi iliyotoka dukani.

Sajini aliitazama taa, akamtazama yeye.

"Baki hapa nalo," alisema Inspekta.

Ndani mlikuwa na msomaji mmoja tu, amelalia gazeti. Binti alikuwa nyuma ya meza ya mapokezi, amevaa nguo nyeusi, anapiga mihuri vitabu vilivyorudishwa na kuvipanga kwa namba. Kila alipoweka kitabu alikisawazisha na mwenzake kwa ukingo wa kiganja.

"Pole tena na msiba, dada. Nilidhani ningekukuta nyumbani."

"Nyumbani watu wanalia tu. Hapa kuna kazi." Hakuinua macho. "Amesema chochote baba mdogo Kanali?"

"Amekiri."

Muhuri ulisimama hewani. "Amekiri nini?"

"Kwamba alimuua baba yako."

"Baba mdogo?" Aliuweka muhuri kwenye kidau chake, akaunyoosha ukakaa sawa. "Lakini yeye si..."

"Si nini?"

Alivuta kitabu kingine kutoka kwenye rundo.

Mbele ya meza palisimama kibao cha kadibodi: *Kimya tafadhali*. Chini ya maneno palichorwa paka amefunga mdomo kwa kidole. Inspekta alihesabu sharubu. Tatu kushoto, mbili kulia.

Akawalaza majemadari wawili juu ya jalada la kitabu, mmoja wa kiwandani, mwingine wa krayoni.

"Yule wa kweli alikuwa mfukoni mwa Kanali tangu saa kumi na robo. Ni desturi yao. Walianza ulipokuwa umeshaolewa."

Binti alimgusa yule wa krayoni kwa ncha ya kidole.

"Nilimtafuta," alisema. Sauti yake ilikuwa ileile ya maktaba, ya chini. "Nilipapasa hadi chini ya kabati. Nikasema labda amepotea tena, kama zamani. Nilipokuwa na miaka saba nilimdondosha nyuma ya sanduku la vitabu, nikaogopa kusema, nikachora mwingine. Baba alicheka wiki nzima. Walipompata wa kweli, alisema wangu abaki kwenye boksi, awe wa akiba."

"Kwa nini ulizipanga?"

"Asingependa zilale sakafuni."

"Alikuwa amelala sakafuni yeye."

Mkono wa binti ulikwenda kwenye rundo la vitabu, ukasawazisha kilichokuwa kimeshasawazika.

"Alikuwa ameshaondoka. Nilimgusa shingo. Sikumsukuma ili... Nilitaka anyamaze tu. Alisema mtoto amekufa Ijumaa, na Jumatatu atakuja kwenu kusema kama mimi sitasema. Nilimwambia nina watoto wawili. Akasema na yule alikuwa wa mtu." Alifunika kidau cha wino. "Hakupiga kelele maishani mwake. Siku ile alipiga."

"Na Kanali? Siku mbili yuko ndani."

"Nilidhani mtamwachia. Hakufanya kitu. Kila siku nilisema kesho watamwachia."

"Alipoona picha ya meza alikutambua. Ndipo akakiri."

Hapo ndipo uso wa mkutubi ulipobomoka. Msomaji wa gazeti aliinua kichwa, akatazama, akainamisha tena.

"Funga rejista yako," alisema Inspekta. "Kisha tutatoka pamoja, polepole. Hakuna haja ya pingu humu ndani."

Binti alifunga rejista. Alipitisha mkono juu ya vitabu mara moja zaidi, akachukua funguo, akazima feni.

*

Saa kumi na mbili kasorobo askari wa kaunta alimrudishia Kanali vitu vyake kimoja kimoja, naye akasaini mbele ya kila kimoja. Leso. Funguo. Saa tatu, ambazo alizitega zote sikioni kabla ya kuzivaa. Lenzi. Mkanda.

"Bado kimoja," alisema mzee.

"Kile ni kielelezo cha mahakama," Inspekta alimjibu. "Vyote viwili vitabaki."

Mzee alitikisa kichwa. Alifunga mkanda, akakosea tundu, akafunga upya.

"Uko huru, mzee wangu. Sajini atakupeleka nyumbani."

"Amekula?"

"Nani?"

"Unamjua nani."

Kanali aligeuka, na badala ya kuelekea mlangoni alikwenda kwenye benchi la ndugu wa mahabusu, akakaa mwishoni karibu na ukuta, mikono magotini.

"Mzee, leo hairuhusiwi kumwona," askari wa kaunta alimwambia. "Labda kesho, baada ya mahakama."

"Sikusema leo. Niandike tu, nisije nikapitwa."

Askari alimtazama Inspekta. Inspekta aliinamisha kichwa kukubali. Kitabu cha wageni kikafunguliwa, jina likaandikwa, saa ikaandikwa. Kalamu ilifika safu ya mwisho.

"Uhusiano?"

"Baba mdogo," alisema Kanali.

Kalamu ilianza kuandika. Mzee aliinua mkono kuizuia.

"Ngoja, mwanangu. Futa hilo la mdogo."